Jikague kabla hujaikagua ndege: kwa mwanafunzi wa urubani pale Wilson

Siku ya kwanza, kabla mwanafunzi hajaigusa ndege, namwambia anunue daftari dogo la mfukoni. Si la kuandikia saa za kuruka. Hilo rasmi analo. Hili ni la habari zake mwenyewe: amelala kwa muda gani, amekula nini, ana mafua au hana, ameacha ugomvi gani nyumbani, na chini kabisa ya ukurasa, ni jambo gani likitokea leo atageuza ndege arudi. Anaandika tukiwa tumekaa, chai ikiwa mezani, kabla ya kupewa ufunguo.

Nimefundisha katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, miaka 14. Kabla ya hapo nilirusha watalii na mizigo kwenda Mara, Lamu na Lodwar. Nililoshika katika miaka yote hiyo ni hili: akili inayokuambia "niko sawa" ndiyo hiyo hiyo inayochoka, inayopungukiwa hewa na kudanganywa na sikio. Ikishaguswa, huwezi tena kuitumia kujipima. Kwa hiyo uamuzi tunaufanya mapema, chini, kwa kalamu. Huko juu kazi yako ni kutii ulichoandika.

Haya nitakayoeleza ndiyo ninayowafanyisha wanafunzi wangu. Mwalimu wako akiwa na utaratibu wake, mfuate yeye, lakini daftari nunua.

Andika namba, usiandike sifa

Kijana mmoja aliyekuwa akikaa Ongata Rongai alikuwa anaamka saa kumi alfajiri ili matatu impitishe kabla Barabara ya Lang'ata haijafunga. Kwenye daftari lake, siku tano mfululizo, aliandika "usingizi: mzuri". Nikamwambia afute neno mzuri aweke namba. Zikatoka saa nne, nne na nusu, nne, tano, nne. Siku ya sita alitua vizuri mara mbili. Mara ya tatu hakushusha flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyosaidia kutua polepole, na nilipomuuliza tukiwa tumesimama, aliapa kwamba alizishusha. Hakuwa anasema uongo. Alikumbuka kuzishusha kwa sababu mara mbili za kwanza alizishusha.

Andika mambo mawili: umelala kwa muda wa saa ngapi, na uliamka saa ngapi. Mwaka 1997 watafiti wawili kutoka Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe kwa kuwapa kazi moja ya jicho na mkono. Aliyekuwa macho kwa saa 17 alifanya vibaya kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Sasa hesabu: aliyeamka saa kumi alfajiri anafika hapo saa tatu usiku, na hajaonja kitu.

Kiwango ninachokitumia mimi ni rahisi. Chini ya saa sita za usingizi kwa siku mbili mfululizo, unaruka nami lakini huruki peke yako. Chini ya saa tano usiku wa jana, huruki; tunakaa darasani au unarudi nyumbani. Ukinibembeleza, nakufungulia ukurasa ulioandika kwa mkono wako.

Kuhusu miraa na muguka nasema wazi, maana najua vijana wanavitumia kusomea mtihani usiku. Havikupi usingizi, vinauahirisha. Utakuja kukudai ukiwa unapunguza mwendo ili utue, wakati mdundo umeisha na mikono ina kazi. Kahawa nayo ni hivyo hivyo, ila kwa upole. Kinacholipa deni la usingizi ni usingizi.

Chakula napita haraka. Usiruke na chai ya rangi peke yake tumboni. Kunywa maji hata kama ni Julai na husikii kiu. Hewa ya huko juu ni kavu. Katika mwezi wa Ramadhani, wanafunzi waliofunga nawapangia saa za asubuhi, muda mfupi baada ya daku na sala ya alfajiri, na alasiri hawapandi. Mimi mwenyewe hufunga, na najua alasiri ya siku ya ishirini ilivyo.

Mafua ya Julai

Msimu wa baridi unaleta mawingu ya chini asubuhi na mafua ya mchana kutwa. Mwanafunzi husema, "Ni mafua tu, Kapteni." Kati ya sehemu ya sikio iliyo nyuma ya ngoma na koo kuna mrija mwembamba unaosawazisha hewa. Ukipanda, hewa ya ndani hutoka bila shida. Ukishuka, lazima hewa irudi ndani, na mrija uliovimba kwa mafua hauiruhusu. Maumivu yake yanaweza kumnyima mtu akili kabisa, na yanakuja wakati wa kushuka, ambapo huna njia nyingine ila kutua.

Kipimo ni hiki: ukiwa bado chini, ziba pua, funga mdomo, pumua polepole kama unayetaka kupuliza. Masikio yasipofunguka yote mawili, siku hiyo umemaliza. Na usikimbilie Piriton ili uyafungue. Ile dawa inaleta usingizi, na inaendelea kukutuliza hata baada ya wewe kuhisi umeamka. Dawa yoyote, hata ya dukani, muulize kwanza daktari anayekupa cheti cha afya cha urubani.

Saa tatu ni saa ngapi?

Hili halimo katika vitabu vya wazungu kwa sababu haliwahusu. Sisi tunaoongea Kiswahili tunabeba saa za aina tatu kichwani. Kuna saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza. Kuna saa ya kwenye simu. Na kuna saa ya dunia, ambayo marubani wote huandikia mipango ya safari, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3.

Mwanafunzi mmoja alijaza mpango wa kwenda Nanyuki saa tatu asubuhi, akaandika 0900. Kwa saa ya dunia hiyo ni saa sita mchana. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa na mpango wa mtu atakayeondoka adhuhuri, yeye yuko ndani ya ndege asubuhi anashangaa kwa nini hawamjui. Hilo lilirekebishwa kwa dakika kumi. Lakini kosa la namna hiyo ukilifanya katika kuhesabu mafuta, au saa ya machweo, halirekebishiki kirahisi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mchana, chukua saa ya Kiswahili uongeze 3: saa tatu asubuhi inakuwa 0600, saa saba mchana inakuwa 1000. Usiku ongeza 15: saa moja usiku inakuwa 1600. Ikipita 24, toa 24. Mtu akichoka hurudi kwenye saa aliyofundishwa na mama yake, kwa hiyo usihesabu kichwani ndani ya ndege. Iandike juu ya ukurasa kabla hujatoka.

Jicho linalokuambia unakimbia

Uwanja wa Wilson uko futi 5,536 juu ya bahari. Alasiri ya Februari, joto likifika nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko karibu futi 8,000. Injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa, inapoteza nguvu, bawa linahitaji mwendo zaidi, na njia ya kurukia inaisha mapema kuliko ulivyozoea. Hayo yamo katika kitabu cha ndege na utayahesabu. Mimi nataka uangalie jicho lako.

Mtu aliyejifunzia Malindi au Ukunda, karibu na usawa wa bahari, jicho lake limezoea kuona ardhi ikipita kwa kasi fulani anapokuja kutua. Akija Wilson, kipima mwendo kikionyesha noti 65 (maili za baharini kwa saa) kama kawaida, kwa kweli anapita hewani kwa 73 hivi. Miti na mabati yanakimbia zaidi. Jicho linasema, "Unaenda mbio, punguza." Mkono unavuta usukani. Kipima mwendo kinashuka 60, 57, na bawa linakaribia kuacha kubeba, huku rubani akiamini yuko salama kwa sababu ardhi inapita haraka.

Nimemshika mwanafunzi mikono mara nyingi hapo. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni sauti: kuanzia unapogeukia njia ya kutua, soma kipima mwendo kwa sauti kila unapohesabu tatu. "65. 65. 63, narudisha. 65." Ukisikia sauti yako ikinyamaza, ujue jicho limeshachukua usukani.

Sikio

Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji yanachelewa, vinyweleo vinapinda, ubongo unajua umegeuka. Matatizo ya rubani ni mawili. Mgeuko wa polepole sana, chini ya nyuzi 2 hivi kwa sekunde, sikio haliusikii kabisa. Na mgeuko wa muda mrefu, baada ya sekunde kama 20, majimaji yanafuata mwendo wa sikio, yanatulia, na ubongo unaambiwa umenyooka. Ukinyooka kweli sasa, utahisi unapinda upande wa pili.

Nilikuwa na saa 400 hivi za kuruka. Ilikuwa Aprili, masika, natoka Mara na Cessna 206, peke yangu, abiria nimewaacha kambini. Saa kumi na moja jioni kulikuwa na nikahi ya mdogo wangu South C, ng'ambo tu ya uwanja. Nilipokuwa bado bondeni, kwenye Bonde la Ufa, niliona vilima vya Ngong vimefunikwa. Chini ya wingu palionekana mwanga, mstari mwembamba. Nikajiambia nitapita hapo. Mstari ukafungwa nikiwa ndani.

Nilihisi nimenyooka kabisa. Nakumbuka utulivu wenyewe. Hakuna kilichoniambia nina shida. Nilipoteremsha macho kwenye upeo bandia, kifaa kinachoonyesha ndege imelala kiasi gani, bawa la kushoto lilikuwa limelala nyuzi 25 au 30 na altimita, yaani kipima kimo, inashuka. Nikalisawazisha kwa kufuata kifaa, na mwili mzima ukapinga. Nilihisi naangukia kulia. Nilijikuta nimeinamisha kichwa na bega kushoto ili kushindana na kitu kisichokuwepo. Niligeuka polepole sana kurudi bondeni, macho hayatoki kwenye vifaa, nikitaja kwa sauti: mabawa, kimo, mwendo, mabawa, kimo, mwendo. Nilitoka mawinguni, nikatua kwenye kiwanja cha vumbi huko bondeni na kulala kwa mlinzi wa kiwanja. Katika picha za nikahi sipo.

Sikuwa mjinga wala mzembe siku ile. Nilijua nadharia yote hii. Nilichokosa ni uamuzi ulioandikwa kabla ya kutoka Mara. Nikiwa nimeshauona ule mwanga, aliyekuwa akiamua ndani yangu si rubani, ni dada wa bibi arusi.

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kiliwapima marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vifaa. Waliwekewa hali ya kuwa ndani ya wingu. Wote 20 walipoteza udhibiti, na wastani ulikuwa sekunde 178. Hiyo ni pungufu ya dakika tatu.

Na sisi Wakenya tuna usiku wetu wa Douala, mji wa Kameruni. Tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya saa sita usiku, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliondoka huko kuja Nairobi, mvua na giza, hakuna taa wala upeo wa kuangalia. Watu 114 walikufa. Wachunguzi wa Kameruni waliandika kwamba ndege ilianza kulalia kulia taratibu, na rubani akapoteza welekeo. Kapteni alikuwa ametamka amri ya otopailoti, mtambo unaoirusha ndege yenyewe. Haikuitikiwa, na haikuwashwa. Kwa karibu dakika nzima hakuna aliyekuwa akiirusha ndege, na kila mmoja aliweza kudhani inarushwa. Nawasimulia wanafunzi wote habari hii, na huwa siimalizi haraka.

Zoezi lake unaweza kulifanya nyumbani. Tafuta kiti cha ofisi kinachozunguka. Kaa, funga macho, nyosha kidole gumba kuelekea upande unaohisi unazunguka. Rafiki akuzungushe taratibu, kwa mwendo mmoja. Baada ya muda kidole kitarudi katikati: utaamini umesimama. Akisimamisha kiti, kidole kitaenda upande wa pili. Fungua macho umwone rafiki yako amesimama tuli. Fanya mara tatu. Utakachogundua ni kwamba kujua hakusaidii. Mara ya tatu sikio linadanganya kama ya kwanza.

Kwa wale watakaofika hatua ya kuruka usiku, kuna lingine. Ukiondoka kuelekea kusini, taa za jiji zinabaki nyuma na mbele ni giza la Mbuga ya Nairobi. Ndege ikiongeza kasi, vijiwe vidogo vya sikioni vinasukumwa nyuma, na mwili unahisi pua imenyanyuka kupita kiasi. Utatamani kuishusha. Macho kwenye upeo bandia kabla magurudumu hayajaacha ardhi, na yabaki hapo.

Mkono usioangalia

Wakati wa vita vya pili vya dunia, ndege za B-17 zilikuwa zikitua salama halafu rubani anakunja magurudumu badala ya flapu. Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia aliyekuwa jeshini Marekani, aliingia ndani akaona mipini hiyo miwili imekaa pamoja na inafanana. Alibandika gurudumu dogo la mpira kwenye mmoja na umbo la kabari kwenye mwingine. Makosa hayo yakakoma. Hadi leo mpini wa magurudumu una umbo la gurudumu.

Ndege zetu za mafunzo ni za zamani na hazifanani. Ya asubuhi ina swichi ya pampu ya mafuta kushoto, ya alasiri kulia. Ukibadilishiwa ndege, kaa ndani injini ikiwa imezimwa, funga macho, nami nitaje vitu kumi uviguse kimoja kimoja. Ukikosea viwili, tunarudia. Inachukua dakika tano.

Kumwambia mkubwa

Mimi ni wa Mombasa, nimelelewa kwa shikamoo. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa "umekosea" mbele ya wageni. Atangoja, atamwambia mama, mama ndiye atakayelifikisha. Siyadharau malezi hayo, ndiyo yaliyonifanya mtu. Lakini redioni tunaongea Kiingereza, na kitini tunakaa na adabu ya nyumbani, na adabu hiyo inahitaji muda ambao ndege haina.

Tarehe 27 Machi 1977 kule Tenerife, ndani ya ukungu, kapteni wa KLM alianza kuruka wakati ndege ya Pan Am ingali kwenye njia hiyo hiyo. Injinia aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama yule wa Pan American hajatoka. Kapteni alijibu kwa uhakika kwamba ametoka. Injinia hakuuliza tena. Ndege ziligongana, wakafa watu 583. Yule kapteni alikuwa mwalimu wa marubani wengine, mtu wa heshima kubwa katika kampuni.

Mimi huwajaribu wanafunzi wangu, na nawaambia mapema kwamba siku moja nitawajaribu. Naweka altimita na kosa la hektopaskali 10 (kipimo cha mgandamizo wa hewa), ambalo ni karibu futi 300, kisha nangoja. Mwanafunzi mmoja, binti makini sana, aliiangalia altimita, akaniangalia, akaiangalia tena, akanyamaza hadi tulipotua. Nilipomuuliza alisema, "Nilidhani unajua, Kapteni."

Tangu siku hiyo nawafundisha maneno yenyewe, maana mtu akiwa na hofu hatungi sentensi. Kwanza taja unachokiona, pamoja na namba, bila kumtaja mtu: "Altimita inasoma futi 300 pungufu." Hapo hujamkosoa yeyote, umesoma kifaa. Asipojibu, ita cheo chake na useme unachotaka kifanyike: "Kapteni, naomba turekebishe altimita sasa." Asipojibu tena, na hatari iko karibu, unashika usukani na kusema umeshika. Hatua ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ya kwanza ilishapuuzwa na uso umeshawaka. Ifanyie mazoezi nyumbani kwa sauti, mbele ya kioo ukitaka.

Na wewe ukija kuwa kapteni, sema kabla ya kuwasha injini, kila safari: "Ukiona jambo, niambie, hata kama huna hakika." Kisha mara ya kwanza akikuambia na akawa amekosea, mshukuru. Ukimkunjia uso mara hiyo moja, hatakuambia tena, na huenda mara ya pili akawa sahihi.

Mazungumzo mengine yangoje. Marekani, tangu 1981, mashirika ya ndege yanakatazwa soga chini ya futi 10,000. Hapa Nairobi futi 10,000 ni kama 4,500 tu juu ya paa za nyumba, na somo lako zima liko chini ya hapo. Kwa hiyo simu inazimwa na kuingia mkobani, na habari za harusi tutaongea tukifika kwenye chai.

Macho nje

Machi 2024 ndege mbili zilizotoka Wilson ziligongana angani, juu ya Mbuga ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa kwenye Cessna 172 walifariki. Wengi wetu pale uwanjani bado tunapita na jambo hilo kifuani, na siongezi neno juu yake. Nasema tu ninavyofundisha kuangalia.

Jicho halioni vizuri likiwa linateleza. Gawanya anga vipande vidogo, kama upana wa ngumi yako mkono ukiwa umenyooshwa. Simama kwenye kila kipande sekunde moja au mbili, ndipo uhamie kingine. Ndege itakayokugonga haionekani kusogea kwenye kioo. Inakaa pale pale, inakua. Kinachotembea kwenye kioo kwa kawaida kinakupita. Nguzo ya dirisha inaweza kuificha ndege nzima, kwa hiyo sogeza kichwa, si macho peke yake. Na usisahau makorongo. Wale unaowaona kwenye miti ya Barabara ya Mombasa karibu na Nyayo hupanda na hewa ya moto kuanzia asubuhi inapochemka, na korongo mmoja anatosha kuvunja kioo.

Mstari wa chini wa ukurasa

Sasa rudi kwenye daftari. Mstari wa mwisho unaandikwa hivi: "Nikiona ... kabla ya ..., nageuka." Ujaze kwa vitu vinavyoonekana. "Hali ikiwa mbaya nageuka" haifai, kwa sababu ukiwa huko juu utabishana na neno mbaya. Wangu wa kutoka Mara, tangu ile Aprili, ni huu: "Nisipoona kilele cha Ngong nikiwa bado bondeni, nageuka nikiwa bado bondeni." Andika pia utakwenda wapi ukigeuka, na mafuta yatakayobaki. Kisha mpigie simu anayekungoja, kabla hujaondoka, umwambie huenda usifike leo. Hiyo simu inapunguza shinikizo la kufika kuliko jambo lolote ninalolijua. Mimi sikuipiga.

Ukitua, usianze na chai. Kaa ndani, injini imezimwa, uandike mstari mmoja: kitu ulichosahau au ulichokiona kwa kuchelewa. Fanya ndani ya dakika kumi, kwa sababu kumbukumbu hujipamba haraka. Yule kijana wa Rongai alikuwa ameshapamba kabla propela haijasimama. Mistari hiyo haitakupunguzia alama kwangu. Nami naandika yangu, na ukiniomba nakuonyesha.

Daftari likijaa usilitupe. Niletee, tukae tusome kurasa za Julai pamoja.